Mishumaa ya mawe chini ya slabu: fuata maji kabla hujashika mwiko

Mvua ikishakata, kuanzia Mei hivi, simu ninazopigiwa kama fundi huwa za aina moja. Mashambani watu wanapulizia mikorosho salfa, na huku mjini Mtwara wenye nyumba wanazunguka kuta zao kuona masika yameacha nini. Mwaka juzi bibi mmoja wa Shangani alinipigia: "Mwanangu, njoo uone, baraza limeota mishumaa." Nikaenda. Chini ya slabu palining'inia vijiti vyeupe kumi na viwili, vyembamba kama mrija wa soda na vyenye tundu katikati kama mrija wenyewe. Kirefu kuliko vyote kilipita kidole changu cha kati. Nyumba ilikuwa na miaka minne. Fundi alishalipwa mara mbili: mara ya kwanza alivikwangua akapaka rangi, mara ya pili alivikwangua akapiga lipu. Vikarudi, safari hii hatua mbili pembeni.

Nitakwenda kwa malalamiko kama ninavyoyasikia, na kila lalamiko nitasema linatokana na nini na unalithibitishaje. Lakini kwanza kuna kipimo kimoja kisichogharimu zaidi ya ndimu.

Kipimo cha kijiko

Kwangua ule weupe kidogo, uweke kwenye kijiko, ukamulie ndimu au udondoshee siki. Ukitoa povu, hiyo ni kalsiamu kabonati, jiwe lile lile la chokaa linalojenga matumbawe na milima ya Umatumbi, kule Kilwa. Usipotoa povu, mwaga, chukua unga mwingine, utie maji. Ukiyeyuka wote, ni chumvi. Usipoyeyuka wala kutoa povu, una kitu kingine kabisa. Niliwahi kuitwa Newala kwenye ghala la mzee mmoja aliyeamini ukuta wake unaoza kwa unga wa manjanomanjano. Ilikuwa salfa ya mikorosho, iliyopeperuka kutoka kwenye mifuko iliyotoboka. Tulicheka, tukafagia.

Usidondoshee ndimu ukutani moja kwa moja. Rangi ya chokaa, lipu ya saruji ya siku nyingi na ukuta wa matumbawe vyote vinatoa povu vyenyewe, kwa hiyo hutajua nani amejibu. Pima ulichokwangua, tena kwa juu juu.

"Slabu inaota mishumaa"

Hili ndilo linalotisha watu, na ndilo linaloeleweka vibaya. Wengi hudhani zege limeoza au saruji ilikuwa mbovu. Hapana. Saruji nzuri kabisa, ikishakutana na maji na kushika, huacha ndani ya zege chokaa nyingi ya aina ile ile tunayoiita chokaa iliyozimwa. Chokaa hiyo inayeyuka kwenye maji: lita moja ya maji hubeba karibu gramu 1.7. Maji ya mvua yakipenya ufa yanaibeba, yanateremka nayo, yanatokea upande wa chini na kuning'inia kama tone. Hapo tone linakutana na hewa ya ukaa iliyomo katika hewa ya kawaida. Chokaa inaivuta hewa hiyo na kugeuka jiwe, na jiwe halikai tena ndani ya maji. Linajenga pete nyembamba kuzunguka tone. Tone linadondoka, pete inabaki, tone jingine linashuka kupitia katikati ya pete, na pete nyingine inajengeka chini yake. Ndiyo maana mshumaa una tundu.

Ukipiga hesabu, lita moja iliyoshiba chokaa inaweza kuacha jiwe la gramu 2.3 hivi, kwa sababu jiwe lina uzito wa ziada wa ile hewa lililoivuta. Kwa hiyo slabu inayovuja ndoo mbili tatu kwa msimu ina malighafi ya kutosha kuning'iniza mishumaa baraza zima. Mazingira yakikubali, mrija wa zege unaweza kurefuka hadi milimita 2 kwa siku. Mbio hizo zina gharama: mirija ya zege ni myepesi na ina vinyweleo, uzito wake hauzidi nusu ya mrija wa jiwe unaoning'inia pangoni wenye unene sawa. Ukiugusa unavunjika.

Sasa tafuta maji. Weka saa mkononi na uhesabu matone. Tone likichukua dakika kadhaa kabla ya kudondoka, jiwe lina nafasi ya kujijenga juu, na mshumaa utakuwa mrefu. Matone yakija haraka kuliko moja kwa dakika, chokaa nyingi inashuka nayo hadi chini, na weupe utauona sakafuni kama kitumbua kilichobonyea. Kwa hiyo mshumaa mrefu si dalili ya uvujaji mkubwa. Mara nyingi ni kinyume chake, na kitumbua cha sakafuni kisicho na mshumaa juu yake ndicho kinachonitia wasiwasi.

Kisha tazama mishumaa imejipanga vipi. Ikikaa kwenye mstari ulionyooka kama uzi, hapo ndipo zege lilipounganishwa: walimwaga leo wakafika pale, wakaendelea kesho bila kusafisha wala kukwaruza kingo. Ikizunguka bomba, bomba halikuzibwa vizuri lilipopita. Ikitapakaa kama utando wa buibui, ni nyufa za zege lililokauka haraka, na mara nyingi wakati huo kusi ilikuwa inavuma na hakuna aliyemwagilia zege kwa zile siku saba za kwanza. Ikitokea kwenye eneo lenye matundu kama sega la nyuki, zege halikushindiliwa. Ikifuata ufa mpana katikati ya slabu, pale inapobeba uzito zaidi, weka mwiko chini na umwite mhandisi. Huo si ufa wa fundi.

Swali la mwisho ni majira. Matone yakiendelea hadi Septemba, juu pakavu na mvua hakuna, basi maji si ya mbinguni. Ni bafu, bomba au tanki. Ziba tundu la bafu, jaza maji kina cha sentimita 5, weka alama ukutani, uache siku nzima. Alama ikibaki juu ya maji, umempata mwizi.

Tiba iko juu. Narudia kwa sababu pesa nyingi zinapotelea hapa: kuziba kwa chini hakuzuii maji kuingia, kunayazuia kutoka. Yatalala ndani ya slabu, yatembee na nondo, na yatokee penye upenyo mwingine. Ndicho kilichompata bibi wa Shangani. Panda juu, safisha bomba la kutolea maji (nimekuta majani ya mwarobaini yamejaa humo kama kiota), hakikisha uso una mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, fungua nyufa kwa tindo uzijaze kwa dawa inayokubali kunyumbulika, kisha weka tabaka la kuzuia maji. Chini utakwangua baada ya hapo, siyo kabla.

Tone la zege si maji ya kawaida. Lina ukali wa chokaa na linaweza kuchoma jicho. Likidondokea gari, linaacha doa linaloila rangi likikaliwa na jua. Usilikinge kwa ndoo ya kuogea. Mtoto asichezee mishumaa mibichi.

Mbona pangoni ni hivyo hivyo?

Kila aliyefika mapango ya Umatumbi, kule wilayani Kilwa, huniuliza hili. Kwa macho ni ndugu, na jiwe ni lile lile, lakini njia zimepishana.

Pangoni hakuna saruji. Mvua inapita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, inabeba hewa ya ukaa nyingi, inakuwa tindikali dhaifu na kuyeyusha mwamba wa chokaa taratibu. Ikifika kwenye dari la pango, inakuta hewa yenye hewa ya ukaa kidogo kuliko ile ya udongoni. Basi tone linaiachia hewa yake, na ikishatoka, maji hayana tena nguvu ya kushika chokaa. Chokaa inabaki juu kama jiwe. Kwenye slabu hewa ya ukaa inaingia ndani ya tone, pangoni inatoka. Na kwa kuwa maji ya pangoni hubeba chokaa kidogo kuliko yale ya zege, stalaktiti ya kawaida, yaani mshumaa wa jiwe wa pangoni, hurefuka kama milimita 0.1 tu kwa mwaka.

Vita vya Majimaji viliwaka Umatumbi Julai 1905, na watu walijificha katika mapango hayo. Stalaktiti iliyokuwa ikidondosha juu ya vichwa vyao, kwa mwendo huo, hadi leo imeongezeka kiasi cha unene wa nondo ya milimita 12.

Kwa hiyo kipimo changu cha ndimu kisiingie pangoni. Ukikuta stalaktiti kavu, iliyofifia, isiyo na tone hata msimu wa mvua, maji yake yamehama njia au msitu wa juu umebadilika. Huwezi kuitengeneza. Ukikuta iliyovunjika sentimita 10, hesabu miaka elfu hivi. Ukikuta nyeusi kwa juu, mara nyingi ni moshi wa mienge. Mng'ao wa mafuta ni wa mikono, na mafuta hayo huzuia tabaka jipya lisishike. Gamba jeusijeusi sakafuni karibu na popo ni mavi yao yaliyokutana na chokaa, usilitimue vumbi ukalivuta. Na kifua kikianza kubana au kichwa kuuma ukiwa kwenye kona ya chini, geuka utoke, maana hewa ya ukaa hutuama kwenye mashimo. Mapango mengine ni ya tambiko. Hodi hupigwa kwa wazee kabla ya kupigwa mlangoni.

"Ukuta unatoa unga kwa chini"

Ndimu haitoi povu, maji yanauyeyusha: chumvi. Mara nyingi inaishia chini ya kiuno, rangi inavimba na kubanduka kama magamba ya samaki. Chanzo ni kimoja kati ya viwili, au vyote pamoja.

Cha kwanza ni unyevu kutoka ardhini. Maji yanapanda kwenye tofali kama mafuta kwenye utambi, yanakaukia usoni na kuacha chumvi yake. Nailoni chini ya jamvi (zege la sakafu) haikuwekwa, au iliwekwa ikatobolewa na kokoto, au mwenye nyumba alijaza udongo wa bustani nje hadi ukapita usawa wa sakafu. Hili la bustani hutibiwa kwa koleo tu, na linasahaulika kila mara.

Cha pili ni mchanga wa pwani. Najua, uko karibu na ni bure. Lakini chumvi ya bahari haikai kimya: hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi, inavuta maji kutoka hewani yenyewe. Dalili yake ni ukuta unaolowa asubuhi bila mvua na kukauka mchana upepo ukivuma, kwa mabaka mabaka, hata karibu na dari ambako unyevu wa ardhini haufiki. Kwa ukuta wa namna hiyo rangi ya kuzuia maji ni kupoteza pesa. Piga brashi kavu, zoa ule unga uutupe mbali (usiuoshe, utaurudisha ndani), na ukiweza, bomoa lipu ile uipige upya kwa mchanga wa mto.

"Doa ni la kahawia"

Weupe unaweza kusubiri mwezi. Kahawia haisubiri.

Nondo ndani ya zege zinalindwa na ile ile chokaa inayotuchezea. Zege changa lina ukali wa pH ya 12 hadi 13, na katika ukali huo chuma hakipati kutu kirahisi. Maji yanayopita miaka na miaka yanaihamisha chokaa nje. Wakati huo huo hewa ya ukaa inaingia polepole kutoka usoni na kuigeuza jiwe, na ukali unashuka hadi karibu 9. Ongeza chumvi ya bahari, ambayo humng'ata nondo hata kabla chokaa haijaisha. Kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili hadi sita, na ikiikosa inapasua zege. Ndipo unapoona ufa unaofuata mstari wa nondo, mshumaa wenye ncha ya kahawia, kisha kipande cha zege sakafuni.

Gonga kwa nyundo ndogo. Zege zima hulia kwa mlio mkavu, lililoachana na nondo hulia kama pipa tupu. Ukisikia pipa, usimwache mtu alale chini yake, na usikubali fundi alifiche kwa lipu. Zege bovu hutolewa hadi nyuma ya nondo, kutu husuguliwa hadi chuma king'ae, nondo iliyoliwa sana huongezewa mwenzake, ndipo linarudishwa zege jipya. Kwa anayejenga sasa karibu na bahari, iwe Mikindani au Lindi mjini: acha angalau milimita 40 za zege kati ya nondo na hewa. Vitofali vya kuinulia nondo ni vya bei ndogo. Kokoto iliyochomekwa chini ya nondo si kitofali.

"Tanki la maji ya mvua lina ladha ya chokaa"

Hili ni la watu wa Makonde juu, Newala na Tandahimba, ambako tanki la zege la kuvuna maji ya mvua ni sehemu ya nyumba. Maji ya mvua hayana chokaa hata kidogo, kwa hiyo yana njaa nayo. Tanki jipya litayalisha: maji yanateleza mkononi, yana ladha, sabuni inaacha ukungu. Jaza, acha siku chache, mwaga, sugua, rudia. Ladha hupungua. Ukuta wa ndani ukiwa kama msasa baada ya miaka mingi, ujue lipu imeshaliwa chokaa na inadai kupigwa upya.

Michirizi myeupe nje ya tanki ni nyufa. Ila usikimbilie tindo kama ufa ni wa unywele, chini ya milimita 0.2 hivi. Chokaa inayopita humo mara nyingi huganda ndani ya ufa wenyewe na kuuziba. Weka alama ya penseli mwisho wa unyevu, andika tarehe, ngojea wiki tatu.

Birika la kisima

Maji yanayokaa kwenye mwamba wa chokaa au matumbawe yanakuja na chokaa yake, na kuyachemsha kunaifukuza hewa ya ukaa, jambo lile lile linalotokea pangoni, ila birika linafanya kwa dakika. Gamba jeupe la ndani halina madhara. Chemsha maji yenye siki au ndimu, acha saa moja, suuza.

Nyumba za matumbawe

Hapa nina ugomvi wa zamani na mafundi wenzangu. Nyumba kuukuu za Mikindani na Kilwa Kivinje, kama magofu ya Kilwa Kisiwani, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Tanuri linaifukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe, fundi anaizima chokaa kwa maji, anajengea, na hewa inairudisha kuwa jiwe. Ukuta wa namna hiyo unapumua: maji yanaingia, yanatoka. Weupe mwembamba juu yake baada ya mvua ni chokaa inayotembea na kuganda tena, si ugonjwa.

Ugonjwa huanza mtu anapoziba kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu, basi chumvi ya bahari inakwama nyuma yake, inaganda, inavimba, na jiwe linageuka unga huku lipu ikibaki imesimama kama ganda la yai. Ukiona kiraka cha saruji kizima na jiwe linalokizunguka limeliwa, usitafute sababu nyingine. Kitoe taratibu, uzibe kwa chokaa na mchanga wa mto, na umwagilie kwa siku kadhaa kwa sababu chokaa haina haraka.

Bibi wa Shangani tulimfanyia kazi ya juu kwa siku tatu: bomba, mteremko, nyufa, tabaka la kuzuia maji. Chini nilikwangua mishumaa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili niliuacha, nikachora alama ya penseli ukutani sambamba na ncha yake na kuandika tarehe. Hakufurahi, alisema nimemwachia uchafu. Aprili iliyofuata, mvua kubwa zikiwa zimepita, alinipigia: ncha iko pale pale kwenye alama, na ni kavu. Nikamwambia sasa anaweza kuuvunja. Akasema mjukuu alishauvunja asubuhi ile, akauweka kwenye kopo la maua.